Pipa la Maji ya Alasiri

Sikuomba kazi ya reli. Jumbe wetu kule Mvumi alitakiwa na Wajerumani atoe watu kumi, nami siku hiyo nilikuwa karibu. Nikamuaga mke wangu, nikaenda.

Tuta la reli lilikuwa limefika upande wa Mkonze. Kazi yetu ilikuwa kuchimba udongo mahali pamoja na kuumwaga mahali pengine. Mvua zilikuwa bado, na jua lilitushukia tangu asubuhi. Maji yalikuwa kwenye pipa moja, tukiyanywa mara mbili kwa siku: saa nne, na tena alasiri. Kati ya saa hizo nyampara, msimamizi wetu, alilikalia lile pipa. Simaanishi alililinda. Alilikalia.

Pembeni palikuwa na kisanduku cheupe juu ya nguzo, chenye paa lake. Ndani mlikaa kipimajoto cha Mzungu aliyesimamia kazi. Mkalimani wake alitueleza kuwa kikiachwa juani hakitasema kweli. Kwa hiyo kilikaa kivulini.

Mwenzangu wa sururu alikuwa Mrangi kutoka Kondoa, mtu hodari na msemaji sana. Siku moja, jua likiwa utosini, akanyamaza. Baadaye akaanza kuniita shemeji na kuniuliza kama mbuzi wamerudi. Nikamshika mkono. Ulikuwa mkavu, unachoma kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Nimechunga ng'ombe maisha yangu yote, na nimewaona waliosukumwa mchana kutwa wakifa hivyo hivyo. Nikaogopa.

"Nyampara, huyu anaumwa," nikasema.

"Mvivu huyo."

"Mvivu anajua yuko wapi. Huyu hajui."

"Saa ya maji bado."

Mrangi akaanguka. Nyampara akainuka na kiboko chake kuja kumwamsha, na kwa mara ya kwanza siku ile pipa likabaki peke yake. Nikamburura mwenzangu hadi chini ya kisanduku, ambako kivuli kilimtosha kichwa tu. Kisha, kabla nyampara hajanizuia, nikalibingirisha pipa na kummwagia maji yote, nikavua shuka yangu nikawa nampepea.

"Hayo yalikuwa maji yetu!" wenzangu wakapiga kelele. Ilikuwa kweli.

"Hamsa ishirini," akasema nyampara, yaani viboko vyangu ishirini na tano.

Mzungu akaja. Hakuja kwa ajili yetu. Ulikuwa wakati wa kusoma kipimajoto. Akamruka Mrangi, akasoma, akaandika. Ndipo akauliza kupitia kwa mkalimani nani amemwaga maji.

"Mimi, Bwana. Alikuwa anakufa."

Mkalimani alitafsiri maneno yangu kwa muda mrefu kuliko nilivyoyasema. Mpaka leo sijui aliongeza nini.

"Bwana anasema upigwe kumi tu," akaniambia. "Na kwa kuwa unapenda kumwaga maji, kuanzia kesho wewe ndiye mtu wa maji."

Nikapigwa kumi, nimelala juu ya udongo niliouchimba mwenyewe.

Mrangi alizinduka jua likitua. Akauliza kwa nini nguo yake imelowa. Nikamweleza.

"Maji ya watu wote?"

"Yote."

"Ungebakiza kidogo ya kunywa," akasema.

Kuanzia kesho yake nilimpa maji kila aliyenyoosha mkono, saa yoyote. Nikasimamisha miti minne, nikaezeka matawi ya migunga, na aliyeona kizunguzungu akawa anakaa hapo. Nyampara akiuliza, nilimjibu kuwa kazi hii nimepewa na Bwana. Hakuwahi kwenda kuhakikisha. Katika kundi letu hakuanguka mtu mwingine. Kundi lililotutangulia lilizika wawili kando ya tuta.

Mwenzangu hakuliweza jua tena. Kichwa kilimpasuka kila alipotoka nje, wakamruhusu aende kwao. Aliondoka jioni. Mwaka uliofuata mfanyabiashara mmoja wa Kondoa aliniambia yu hai, analima, na ikifika saa sita mchana huingia ndani akalala, majirani wakimcheka.