Siku Nilipomwita Bibi Mkali

Juzi mjukuu wangu alisikia wimbo redioni akaruka: "Bibi, huu mkali!" Kwao siku hizi ukali ni sifa. Nikacheka naye, lakini moyoni niliona aibu ya zamani sana.

Nililelewa na bibi kule Itetemia, enzi za Mwingereza, mama akiwa ameshafariki. Ukichezea maji ya kisimani, sauti yake ilifika kabla ya fimbo. Lakini asubuhi ndiye aliyenitilia matobolwa mfukoni, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa juani, nitafune njiani kwenda shule.

Siku moja mwalimu aliandika ubaoni neno "mkali", akataka kila mtu atunge sentensi. Wenzangu waliandika simba, wakaandika nyuki. Mimi niliandika: "Bibi yangu ni mkali kama mnyama wa porini." Mwalimu akaipenda, akasema nitaisoma siku ya wazazi.

Bibi alikuja amevaa kanga mpya, akakaa mbele. Nilimwona. Ningeweza kubadili neno moja tu. Sikubadili, nilitaka makofi. Nikasoma kwa sauti kubwa. Watu wakacheka, hata Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akacheka. Bibi naye alianza kucheka, kisha akanyamaza.

Tulirudi pamoja. Karibu na nyumbani akauliza, "Maneno yale alikuandikia nani?"

"Niliandika mwenyewe, bibi."

"Haya. Basi kweli umesoma."

Tangu hapo hakunigombeza tena. Mbuzi wakiingia kwenye karanga kwa uzembe wangu, aliwafukuza yeye mwenyewe, mgongo umepinda, bila kuniita. Jirani akamwambia ananidekeza. Akajibu, "Mwache, ameshakua." Nyumba ikapoa kama jiko lisilo na moto. Nikashindwa kuvumilia: jioni moja nilichukua mtungi wake mkubwa wa maji, nikauangusha makusudi mbele yake. Nilisimama pale, nikimwomba kimoyomoyo apige kelele.

Aliinama akaokota vigae kimoja kimoja. Kisha akanishika mguu, akautazama.

"Umeumia?"

Nilisema hapana. Hapo ndipo pangekuwa pa kuomba msamaha, nami sikuomba. Bibi alifariki nikiwa bwenini, na siku hizi pale penye kiwanja chake pana nyumba za watu nisiowajua. Nimegombezwa na wengi tangu hapo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ananipenda.