Usinga wa Shangazi Lukresia

Shangazi yangu Lukresia hakuwahi kuomba radhi, hasa kwa habari ya nyama kavu. Pale Matogoro, ukishakula nyama iliyokaushwa na yeye, za wengine unazionea huruma. Kichanja chake kilikuwa nyuma ya jiko, moshi ukifuka polepole, naye juu ya kigoda akitawala. Namsema kwa kuwa ni shangazi yangu. Wewe usijaribu.

Baba yangu, Romanus, ni mdogo wake, naye alikuwa mlinzi wa msitu. Kwa miaka mingi alisimulia kwamba bonde la juu lina kima asiyefanana na hawa wanaotumalizia mahindi: mweusi, mkia wake una kishungi chekundu. Watu walisema ni pombe ya komoni inayosema. Kisha soko huria likaja, na wafanyabiashara wa mbao wakaliomba lile bonde. Wakubwa wakatamka: kama kima huyo ni mpya kweli, bonde halikatwi. Basi aonekane.

Mti wa kwanza kuangushwa pembeni mwa bonde ulimlalia kima mmoja wa hao. Baba alimkuta amekwisha kufa, akamleta kwa dada yake.

"Dada, nitunzie huyu asioze. Nakwenda mjini kumpigia simu mtaalamu."

Asioze! Kwa Lukresia, hilo lina njia moja tu. Alimbabua manyoya juu ya moto, akamkwangua mpaka akang'aa, akampasua, akamtandaza kichanjani. Mtaalamu mwenyewe, Dokta Rosemary, alipofika kutoka Dar, alimkuta kima amekauka vizuri sana.

Baba alishika kichwa. "Dada, umefanya nini?"

"Maji yakimwagika hayazoleki. Ungesema unataka na manyoya."

Dokta alikaa chini kabisa, kwenye vumbi. Alieleza kwamba fuvu linasaidia, lakini bila manyoya hawezi kuthibitisha kuwa ni kima mpya. Ingebidi apatikane mwingine.

"Apatikane vipi?" shangazi akauliza.

"Kwa bunduki, mama."

Kule juu baba hakuwahi kuona zaidi ya familia mbili za kima hao.

"Hauawi mwingine," shangazi alisema, huku akipunga nzi waliokuwa wakiizunguka nyama.

Dokta aliutazama ule mkono ukienda na kurudi. "Mama, huo usinga umeutoa wapi?"

"Si mkia wake? Ndipo nilipomshika wakati namaliza kumbabua. Manyoya mazuri vile, ningeyatupa?"

Kishungi chekundu kilikuwepo chote, na juu yake kipande cha manyoya meusi. Dokta alicheka huku machozi yanamtoka. Aliponyoosha mkono, shangazi aliuficha mkia mgongoni.

"Kwanza niahidi. Bunduki haipandi kule."

"Naahidi, mama. Tutapanda na kamera."

Walipanda na baba, wakarudi na picha. Fuvu, mkia na picha vikatosha. Kima akaelezwa kwenye jarida la wataalamu, akapewa jina refu ambalo shangazi hulitamka apendavyo, na misumeno ikaondoka bondeni. Nilijivunia wote wawili, baba na dada yake, na bado najivunia.

Mkia uko Dar, kabatini. Shangazi sasa anafukuza nzi kwa kipande cha kitenge. Juzi nilimwambia nimeona usinga mzuri unauzwa Bombambili, nitamletea. Alinikazia macho.

"Mkia wa nani huo?"