Jiwe Walilolipaka Rangi Chini ya Barafu

Wanafunzi walimwita Bwana Ramani, na katika miaka thelathini na mmoja ya kufundisha jiografia hakuwahi kupeleka darasa mlimani likarudi bila kugusa barafu. Desturi aliianzisha mwenyewe: wakifika ukingoni mwa barafu, darasa linaandika mwaka kwa rangi nyeupe juu ya jiwe, kisha linapima kwa kamba hadi jiwe la safari iliyotangulia. Mwisho wa muhula anastaafu. Alitaka kufika mara hii ya mwisho, basi.

Kosa lilikuwa lake. Safari zilikuwa zimesimama miaka sita tangu basi la shule life, naye akapanga mwendo kwa daftari la zamani, kana kwamba barafu ingekaa kumsubiri. Saa sita mchana walifika penye jiwe la mwisho. Barafu hakuna. Ni majivu meusi na mawe ya volkano mpaka macho yachoke, na saa nane lazima wageuze, wingu lisije likawafunika.

Hapo goti la Bwana Ramani likagoma. Alikuwa amechoka, si kwa mlima tu. Alichoshwa na chaki, na madaftari ya kusahihisha, na kengele. Akaketi. Kopo la rangi akampa kiranja, msichana mrefu mwenye maneno machache, akamwomba mwalimu wa michezo, aliyefuatana nao, awaongoze.

Walirudi baada ya dakika arobaini, wakishangilia kupita kiasi.

"Tumefika, mwalimu," kiranja akasema. "Tumeandika."

Bwana Ramani akatazama viatu vyao. Vilijaa majivu makavu. Tope la kijivu linalotiririka chini ya barafu, lile linalong'ang'ania kiatu wiki nzima, halikuwapo hata tone. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na hii ilikuwa fupi kweli. Mwalimu wa michezo alikuwa akichunguza mawingu kwa bidii ambayo hajapata kuionyesha kazini.

Angeweza kunyamaza. Angestaafu na sifa yake nzima, na nani angeuliza? Alikasirika, na papo hapo akawapenda mpaka kifua kikamuuma.

"Mmeandika wapi?"

Kiranja akainamisha kichwa. "Pale juu kidogo. Wingu lilianza kushuka. Tulitaka ustaafu na furaha, mwalimu."

"Mwaka kesho kuna mtoto atapima kuanzia pale," akasema. "Nishikeni mkono."

Wakampandisha, akipumzika kila hatua kumi. Rangi ilikuwa mbichi bado. Akavua sweta lake, akasugua jiwe mpaka mwaka ukafutika. Hakuna aliyecheka. Kiranja alifungua daftari la ripoti, akauliza kwa sauti ndogo aandike nini.

"Andika hatukufika," akasema Bwana Ramani.

Kisha akalia mbele ya darasa zima, sweta lenye rangi likiwa mapajani, na wanafunzi wakamngoja amalize ndipo waanze kushuka.