Foleni ya Bafuni

"Nibandue hapo ukutani," mama mwenye nyumba alimwambia mjukuu wangu, "au nabeba mlango wangu sasa hivi narudi nao. Sijawahi kumfuata fundi cherehani kuingia bafuni, na sitaanza leo mbele za watu."

Mlango wenyewe ulikuwa umesimama peke yake katikati ya ukumbi wa maonyesho, kama mgeni aliyekosea mtaa. Ni mlango wa bafu letu. Mjukuu wangu aliuazima, tukabaki tunaogea nyuma ya shuka, na upepo wa siku zile haukuwa na adabu. Ukutani amebandika picha zetu wapangaji wote, kila mtu kwa kimo chake, taulo begani na mswaki mdomoni, tumepanga foleni kuelekea mlangoni. Mbele ya kila picha ameweka ndoo ya mwenyewe, ndoo ya kweli.

Huyu kijana alizaliwa amefumba jicho moja. Mkunga akadhani ni kasoro, kumbe mtoto analenga. Alipopata kamera alianza na harusi, ila maharusi alikuwa hawaoni. Anarudi na picha za viatu vilivyorundikana mlangoni na mashangazi waliolaliana kwenye mkeka. Bibi harusi mmoja alitokea kiwiko tu. Alimkimbiza kijana mpaka nyumba ya pili, kiatu mkononi, naye kijana akageuka akampiga picha akiwa hewani, miguu yote miwili.

Alipohamia kwetu, vyumba vingi na bafu moja, alifurahi kama aliyepata urithi. Kwetu unaweka ndoo kwenye foleni, unarudi kulala, na ole wake atakayeisogeza. Fundi cherehani akiingia hatoki. Siku moja aliingia kidevu laini akatoka na ndevu. Ndoo ya mama mwenye nyumba ndiyo pekee isiyojua foleni, hupita moja kwa moja.

Sasa mwenye ukumbi alikuwa njiani kuja kukagua. Asiporidhika, maonyesho haya, ya kwanza maishani mwa mjukuu wangu, yanabanduliwa siku hiyohiyo. Na mlango ukiondoka, kinachobaki ni watu wenye mataulo wanaokodolea hewa.

"Mama," kijana alimbembeleza, "nimewapanga kama mlivyosimama siku ile niliyowapiga picha."

"Siku ile nilikuwa nasubiri maji yachemke. Kusubiri maji si foleni."

Fundi cherehani akasema yeye ni shahidi, siku hiyo alisukumwa mgongoni na ndoo ya mama. Muuza mitumba naye akaibuka, anataka kujua kwa nini yeye ni wa mwisho, tena kwa tumbo lile ambalo kwa maneno yake si lake.

Nikaona niokoe jahazi. Nikamweleza mama mwenye nyumba kwamba kwenye maonyesho makubwa, nimeyaona kwa macho yangu, wakubwa huwekwa katikati ili walindwe pande zote.

"Na wewe, bibi, mbona uko wa kwanza?"

Nikakohoa. Kikohozi kilikuja chenyewe.

Mama akaushika mlango. Mjukuu wangu akaushika upande wa pili, jasho linamtiririka, anaomba asubiri tu mpaka mwenye ukumbi apite. Mama akamtazama, akaachia. Nikashusha pumzi mapema mno, maana aliifuata ndoo yake, akaibeba, akaitua mbele ya mlango, akasimama nyuma yake na uso wake wa alfajiri.

Fundi hakuweza kuvumilia. Akaitua yake mbele ya ile. Muuza mitumba akapitisha ya kwake kati ya miguu yao. Nami ningefanya nini, niibiwe nafasi yangu mchana kweupe? Muda si muda ukuta mzima ulikuwa hauna ndoo, sisi tumesimama kweli, na nguo zetu za kutokea, tunasukumana na kuitana majina ya asubuhi. Mjukuu wangu alikuwa amekaa sakafuni, ameshika kichwa, akisema basi, kazi imeharibika.

Mlango wa ukumbi ukafunguka. Akaingia mwenye ukumbi, suti imenyooka, miwani puani. Akaangalia picha, akaangalia ndoo, akatuangalia sisi kwa muda mrefu. Kisha akatembea taratibu mpaka nyuma kabisa, akasimama, akamgusa begani muuza mitumba, aliyekuwa amesukumwa tena mwisho.

"Samahani, wa mwisho ni wewe?"