Mbu Katika Gari la Njano

Gari lile lilifika Jumatatu asubuhi, na kabla sijaliona nilisikia tumbo lake likikwaruza tuta lililo mbele ya gereji yetu. Nikainua uso kutoka kwenye cherehani, nikasema moyoni, huyu naye wa wapi tena. Lilikuwa la spoti, milango miwili tu, njano ya embe lililoiva sana, na limelala chini hivi kwamba mwenyewe alipotaka kushuka ilibidi kwanza atoe miguu, kisha ashike paa, kisha ajivute. Alikuwa kijana wa Mtwapa, wa miaka thelathini na kitu, aliyeachiwa na babake vyumba vya kupangisha. Alimwamkia mume wangu shikamoo, akaniamkia na mimi, na hapo nikamsamehe zile mbwembwe za gari.

Alichotaka ni muziki. Redio aliyoikuta humo ndani, alisema, inalia kama simu iliyosahauliwa ndani ya sufuria. Anataka spika mpya milangoni, wufa mbili za besi nyuma, amplifaya ya kuzisukuma, na sanduku la kuchongwa likae kwenye lile buti dogo kama kwamba lilizaliwa humo. Kapeti ya sanduku iwe nyeusi na uzi uwe wa njano. Na tafadhali sana, mzee, rangi ya gari isikwaruzwe hata kidogo. Ameuliza Mtwapa, akauliza Kilifi, na kote ameambiwa kazi hiyo ampelekee yule mzee wa Malindi anayesikiliza.

Moyo ulinilipuka, kwa sababu yule mzee wa Malindi anayesikiliza alikuwa ameanza kutosikia.

Mzee mwenyewe ndiye mume wangu. Tumefanya kazi pamoja chini ya mabati haya tangu mtoto wetu wa kwanza ana meno mawili. Yeye ni nyaya, mbao na spika. Mimi ni viti, kapeti na ngozi za milango. Gereji za redio ziko nyingi, na za bei rahisi kuliko yetu, ila hakuna nyingine yenye kusikiliza. Kazi yetu ikiisha haitoki siku hiyo. Inangoja Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Mwenye gari anasimama nje, na jirani yeyote apendaye anasimama, na hakuna anayesema neno. Mume wangu anaingia ndani peke yake, anafunga vioo, anafumba macho, anasikiliza nyimbo tatu: taarab moja ya zamani, kaswida moja ya dufu, na moja ya hizi za vijana ambayo wala haipendi. Akishuka na kusema "Chukua gari lako," basi limekwisha, na hakuna anayebisha. Kabla hajayasema hayo, kile kiti hakikaliwi na mtu mwingine, hata mwenye gari. Jina lake lote, na ugali wetu wote, viko juu ya zile dakika kumi.

Mimi nilijua habari ya masikio yake kwa cherehani. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, kuukuu, na kila baada ya miezi michache huanza kulia pale gurudumu linapozunguka, kasauti kembamba ka kuudhi. Tangu nimeolewa sijapata kuitia mafuta kwa mkono wangu. Yeye husikia kutoka upande wa pili wa gereji, huku anachomelea nyaya, huacha alichonacho akaja na kopo lake, tone hapa, tone pale, akarudi bila kusema kitu. Wanawake wengine huletewa kanga. Mimi naletewa mafuta ya cherehani, na siwaonei wivu. Sasa ilikuwa inalia mwezi wa tatu na kopo halijaja. Mwanzo nilidhani amenuna. Nikajiuliza nimemkosea nini, nikapata makosa mengi tu, lakini hakuna lililostahili miezi mitatu.

Halafu ikaja ile ya msikiti. Siku moja alirudi akilalamika kuwa spika za msikitini zimekufa, alasiri imempita hivihivi hakusikia adhana. Akachukua ngazi, akapanda mwenyewe, kwa nia safi kabisa, akaongeza zile sauti nyembamba za juu mpaka yeye akaridhika. Alasiri ya pili yake muadhini alipofungua mdomo, paka wetu aliruka kutoka juu ya friji. Mtaa mzima ulishika masikio. Imamu wetu ni mtu wa adabu. Alimshukuru mbele za watu, akamwombea dua, kisha akaita fundi mwingine kimyakimya akazirudisha spika kama zilivyokuwa. Sote tulijua isipokuwa mwenyewe, aliyeendelea kutuambia jinsi spika zilivyopona mkononi mwake.

Msikitini watu wanakusitiri. Wateja hawana habari hiyo. Magari mawili yalikuwa yamesharudi, wenyewe wakisema sauti inawatoboa kichwa, na mume wangu alilaumu spika, mali za siku hizi, hazina uhai. Gari la tatu likirudi, tena la kijana anayejulikana Kilifi nzima, tutafunga mlango. Na bado sikumwambia. Mimi, ninayemwambia muuza samaki wazi kuwa huyu wake alikufa juzi, nilishindwa kumwambia mtu ninayelala naye kitanda kimoja kuwa masikio yake yanakwisha. Niliogopa uso wake utakavyokuwa.

Basi tukaingia kazini. Lile buti lilikuwa dogo kama beseni, na mume wangu alilipima siku nzima kwa maboksi ya karatasi kabla hajagusa plaiwudi. Alichonga sanduku likafuata kila kona ya bati, na lilipoingia liliteleza likatulia, hata mimi nikampigia makofi. Mikono yake haina ugonjwa wowote. Mimi nilifungua milango nikaijaza vipande vya kapeti kuukuu, kwa sababu besi ikipiga kwenye mlango mtupu mlango wote unatetemeka mpaka unadhani kuna mtu anatikisa kabati la vyombo. Nilishona kapeti nyeusi kwa uzi wa njano, mishono miwili miwili. Si haba. Kijana alipiga simu kila siku kuuliza rangi imekwaruzwa au haijakwaruzwa, na kila siku nilimjibu kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa kuwa haijakwaruzwa.

Alhamisi alasiri mume wangu aliwasha injini na muziki kwa pamoja. Nilikuwa nimeinamia mlango namalizia kona. Wallahi ulikuwa muziki. Besi ilipanda kutoka sakafuni ikanigusa magoti. Lakini ndani yake kulikuwa na kitu. Kasauti kembamba, kama ka mbu aliyekaribia sikio. Alipokanyaga mafuta, mbu akapanda. Alipoachia, mbu akashuka. Nilingoja azime, atukane kidogo kama kawaida yake, akatafute chanzo. Hakuzima. Alikaa pale anatikisa kichwa taratibu, mtu mwenye raha zake.

Nikamwambia kuna sauti humo, kama mbu, inapanda na injini. Akasema hakuna. Nikasema ipo. Akasema masikio yangu yameharibiwa na cherehani.

Hapo nikapandwa na mori. Hasira zangu ziko karibu, na mdomo wangu hauna breki.

"Cherehani ipi?" nikamwambia. "Hiyo inayolia mwezi wa tatu na wewe huisikii?"

Ningeishia hapo ingetosha. Lakini sikuishia. Nilimwambia na ya msikiti, ya ngazi, ya yule fundi aliyeitwa kwa siri, yote, mpaka ya paka. Maneno yalitoka yenyewe, na kila moja nililiona likimwingia. Nilipomaliza sikuwa na pumzi, wala sikuwa na la kuongeza.

Nilitamani ajibu, anifokee, aniite mdomo mrefu kama anavyoniita tukigombana. Alizima injini, akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akaenda kukaa kwenye ubao wa mbele akatazama barabara. Mimi nikarudi kwenye cherehani na sikuthubutu kuikanyaga. Nilikunja mabaki ya kapeti huku nalia, na sijui nililia kwa ajili yake au kwa aibu yangu. Jioni tulikula wali na papa, na tukapitishiana ndimu bila neno.

Ijumaa alivaa kanzu akaenda kuswali. Mimi nilifungua gereji, nikafagia, nikapangusa lile gari mara tatu. Kijana wa Mtwapa alikuja mapema, kanzu nyeupe na miwani nyeusi, akalizunguka gari lake akikagua rangi. Majirani nao wakaanza kujikusanya: muuza mbatata za karai, yule wa duka la vipuri, wazee wawili wa barazani ambao hawajakosa kusikiliza hata mara moja. Mume wangu alichelewa. Nilichungulia barabarani nikamwona bado yuko mlangoni mwa msikiti na imamu. Alikuwa anauliza kitu, na imamu anatazama viatu vyake. Nikajua kinachoulizwa.

Alipofika aliwasalimu watu wote, akafungua mlango wa gari, akaingia, akafunga vioo. Watu wakanyamaza. Injini ikawaka, taarab ikaanza, na hata kwa nje, mimi niliyekuwa karibu, nilimsikia mbu wangu. Nikamtazama yule kijana. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, amekunja uso, kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu. Nikasema basi, leo ndiyo leo.

Kioo kikashuka. Mume wangu hakutazama redio wala simu anayopangia sauti. Alinitazama mimi.

"Mama watoto," akasema, mbele ya watu wote, "njoo usikilize."

Alishuka akanipisha kile kiti. Wazee wa barazani waligeukiana. Mimi nilijivuta ndani, buibui likanasa kwenye mlango, nikalivuta, nikakaa chini kabisa kama mtoto ndani ya karai. Yeye akaja upande wa pili, akakaa kiti cha abiria, akafunga vioo. Tukawa wawili. Akaniuliza taratibu, uso mbele, iko wapi.

"Nyuma," nikasema. "Upande wa kushoto. Ukikanyaga mafuta inapanda."

Halafu, hivi hivi bila kusikia chochote, akacheka. Alisema kijana alimtia wasiwasi na rangi yake mpaka akaogopa kukwangua, akaufunga ule waya mweusi wa amplifaya juu ya rangi badala ya juu ya chuma kitupu, ndipo kelele za injini zikaingia kwenye muziki. Akasema kosa hilo hata mwaka wake wa kwanza wa ufundi hakulifanya. Akazunguka nyuma, akainua kapeti yangu pale pembeni, akatoa msasa mfukoni mwa kanzu, kumbe alitoka nao nyumbani, akakwangua mahali padogo kama kifungo, ndani kabisa kusikoonekana. Kijana alipiga hatua moja mbele, mzee mmoja akamshika mkono. Waya ukafungwa upya. Akanionyesha kwa kidole nikanyage.

Nikakanyaga mafuta. Injini ikapanda, sauti ya mwimbaji ikabaki peke yake, safi, na vinanda nyuma yake. Nilimwitikia kwa kichwa. Kisha akarudi ndani na simu yake tukapanga sauti za juu, yeye akishusha kidogo kidogo na kunitazama usoni, mimi nikimwambia bado, bado, hapo. Tukasikiliza kaswida, tukasikiliza na ule wa vijana, ambao mimi, sitasema uongo, niliupenda.

Aliposhuka alisema yale maneno yake. Kijana akaingia, akasikiliza, akavua miwani. Hakuuliza kwa nini tulikaa wawili. Nasikia huko Mtwapa anajisifu kuwa gari lake lilisikilizwa na mtu na mkewe, jambo ambalo hakuna mwingine aliyefanyiwa, na sasa wanaokuja wote wanadai na wao wasikilizwe na wawili. Siku hiyo aliondoka kwa madaha, na kwenye tuta tumbo la gari likakwaruza tena. Wufa mbili, na bado tulilisikia.

Watu walipotawanyika nikarudi mahali pangu. Kulikuwa na kiti cha gari lingine kinangoja, nikaanza kushona, maana sikujua la kufanya na mikono. Nikamwona anakuja na kopo lake. Alichutama mbele ya cherehani na kanzu yake nyeupe, nikataka kumwambia utaichafua, nikanyamaza, jambo la nadra kwangu.

"Inalia?" akaniuliza.

"Inalia."

Akatia tone kwenye ekseli ya gurudumu, akaniashiria nikanyage. Nikakanyaga. Akaweka kiganja juu ya meza ya cherehani, akangoja, akaniinulia uso. Gurudumu lilikuwa linazunguka kimya, kimya kabisa.

"Bado?" akasema.

"Bado kidogo," nikamwambia, na yeye akatia tone lingine.