Tonge la Kwanza Kule Soy

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa koti jeupe lililonipwaya, nikaonywa nisijishike pua. Maabara yetu hapa Eldoret ilikuwa inafuga kuvu, ule ukungu wa kijani unaoshambulia mahindi yasiyokauka vizuri. Kuvu hiyo hutoa sumu tunayoiita sumukuvu. Huioni, haina ladha, na moto wa jikoni hauiondoi.

Mkuu wa Maabara, mtu wa maneno machache, alinifundisha kudondosha mafuta ya karafuu na ya mchaichai kwenye kisahani kilichopandwa kuvu. Pale tone lilipoangukia palibaki duara tupu.

"Yamezuia," alisema. "Kuzuia si kuponya, kijana."

Maneno hayo nilikwenda nayo Timboroa, nilikotumwa kupima unyevu wa mahindi, maana baridi ya huko haikaushi kitu. Niliporudishwa mjini niliwekwa chini ya Msimamizi wa Utafiti, mama mcheshi aliyependa sana mikutano. Ndiye aliyenipeleka Soy kuwagawia wakulima mafuta yetu. Nilisimama nikaeleza: kausha, chambua, ndipo unyunyize. Kisha, kwa kutaka sifa, nikaongeza kwamba ghala litanukia pilau. Watu wakacheka, na hilo ndilo walilolishika.

Msimu ulipokwisha tulirudi. Mama Nafula, mkulima aliyekuwa ametupigia makofi kuliko wote, alitupikia ugali kwa kuku. Nilikuwa nimeshameza tonge la kwanza aliposema kwa furaha, "Mwaka huu sikutupa kitu. Hata ile mahindi mbovu ya kupikia pombe ya busaa nilipaka dawa yenu, harufu ikaisha. Hii mnakula ndio hiyo."

Msimamizi alinikanyaga mguu chini ya meza. "Kula," akanong'ona. "Utamwaibisha mwenye nyumba."

Nikasukuma sahani. "Mama, tusile. Dawa inazuia ukungu usianze. Kwenye mahindi haya sumu ilikuwa imeshaingia."

Mama Nafula alinitazama. "Na watoto wamekuwa wakikula tangu tufungue hilo gunia?"

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Hakunigombeza. Alikusanya sahani zote, akaumwaga ule ugali shimoni na kuufukia, huku akiwafukuza kuku wasije wakadonoa. Msimamizi aliaga haraka. Mimi nilibaki nikamsaidia kufukia gunia.

Watoto walipimwa, wakaonekana wazima, namshukuru Mungu. Aibu yangu haikuisha kwa hilo. Pua ya yule mama ilikuwa inajua mahindi mabovu tangu utotoni, nami nilikwenda kuifunika kwa karafuu.

Sasa nimestaafu. Wanafunzi wa chuo cha Chepkoilel hunijia wakiuliza kama mafuta ya mimea yanafanya kazi. Nawaambia ndiyo, kwa mahindi makavu na mazima, na nawarudia hilo mpaka wananichoka.

Mama Nafula naye bado hunialika, na kwa heshima zote. Hunipakulia mimi kwanza. Wajukuu zake hunawa mikono, kisha wanakaa wakinitazama mpaka nimeze.