Jembe la Mwenyekiti Severini

Anayeita ujima hushika jembe wa kwanza na hula wa mwisho. Severini, mwenyekiti wa kitongoji chetu huku milimani Kipatimu, aliifuata kanuni hiyo miaka mingi. Ndiyo maana alipopiga mbiu watu walikuja, Waislamu kwa Wakristo, bila posho wala kubembelezwa.

Mwaka jana aliita ujima wa kuchonga barabara, ili pikipiki zifike juu na wajawazito wasibebwe tena kwa machela hadi zahanati. Kazi ikiwa imeshika kasi, wakaja wageni kutoka chuo kimoja cha mjini. Walitaka kusikia sisi wenyewe tunavyoyafikiri maendeleo, kabla ya kufundishwa na wengine. Severini akavaa shati jeupe, akaketi nao kivulini. Akawaeleza kwamba kwetu hakuna bwana wala mtwana, na kwamba kazi ya pamoja ndiyo inayowasawazisha watu. Alisema vizuri, na alisema kweli. Nyuma yake watu walikuwa wanavunja mwamba juani.

Chakula kilipoiva, wageni walikaribishwa kwanza, kama ilivyo adabu. Severini naye akanawa mikono.

Stefania, mke wa marehemu kaka yake, alikuwa anapakua ugali wa muhogo. Akamuuliza, "Shemeji, jembe lako linaumwa?"

Watu wakacheka.

"Nina wageni, Stefania. Huwaoni?"

"Nawaona. Na sisi uliotuita, ni nani wako?"

"Vibarua," akajibu mzee Maftaha kutoka mtaroni, akijifuta jasho. "Tumepanda cheo."

Safari hii hakucheka mtu. Severini angeweza kuinuka palepale. Lakini aliona haya kuchafuka mbele ya wasomi, na hakuona haya kula mbele ya waliochoka. Akamega tonge.

Maftaha akatia jembe begani, akaondoka bila kula. Wengine wakamfuata, wakiaga kwa heshima zote.

Wiki iliyofuata Severini alipiga mbiu tena. Akatokea mkewe Devota, peke yake. Severini akapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Kila mlango alisamehewa, na hakuna aliyerudi kazini. Siku hizi vijana wakimwamkia shikamoo huitikia akitazama chini.

Masika imekwisha kuusomba udongo tuliochimba. Barabara imeishia kwenye mwamba, na wajawazito wetu bado wanabebwa kwa machela.